Bima ya nyongeza ya meno, macho na masikio: wanatuuzia pesa zetu wenyewe!

Wadau, nimekasirika na sifichi. Niko Malaba, upande wa Uganda, na nataka kila mwenye familia anayefuatwa na mawakala wa bima asome hadi mwisho kabla hajatuma hata shilingi kwa simu.

Bima ya afya yenyewe, ile ya kulazwa, siigombi. Hapa kwetu malori yanapita usiku na mchana. Mtu akigongwa, au mama akihitaji upasuaji wa kujifungua, bili moja inakuuzisha kiwanja. Hapo bima ina kazi yake na mimi naendelea kuilipia. Ugomvi wangu ni ile nyongeza wanayokubandikia juu yake: meno, macho, masikio, "kwa pesa kidogo tu, mzee, familia nzima inakuwa salama."

Pesa kidogo yenyewe ni hii. Mimi, mke na watoto watatu: shilingi 650,000 kwa mwaka, juu ya bima ya kawaida. Nilipoomba mkataba nisome kwanza, wakala akanipa karatasi ya rangi yenye picha ya familia inayocheka. Mkataba wenyewe ulikuja baada ya malipo. Ndani yake: kikomo cha meno ni 400,000 kwa familia nzima, siyo kwa kila mtu. Macho 300,000, familia nzima. Masikio, "uchunguzi". Halafu kila bili mwenye kadi anachangia asilimia 20.

Pigeni hesabu nami. Ili wafike mwisho wa vikomo vyote viwili, 700,000, lazima sisi tuwe na bili za 875,000, kwa sababu 175,000 inatoka mfukoni mwetu. Yaani tukiugua meno na macho kwa bidii mwaka mzima, wote watano, faida yetu kubwa kabisa juu ya ada ni shilingi 50,000. Tusipougua, 650,000 imekwenda na salio halivuki mwaka. Hiyo si bima! Bima ni kwa hasara ambayo peke yako huiwezi. Hapa hatari wamekuachia wewe, wao wamechukua ada.

Sasa jino, na hapa ndipo damu yangu inapochemka. Mke wangu aliumwa gego la chini, usiku halali, shavu limevimba. Daktari wa meno akapiga picha akasema jino linaokoka: asafishe mzizi, aujaze, baadaye alivalishe kofia ya kulifunika. Tukapeleka kadi. Jibu: matibabu ya mzizi yana kipindi cha kusubiri miezi sita tangu kujiunga, na miezi sita haijatimia. Kofia ya jino haimo kabisa kwenye mkataba. Lakini kung'oa kunalipiwa leo hii, haina kusubiri.

Someni tena hapo. Kampuni inakulipia kupoteza jino, haikulipii kuliokoa. Na likishang'olewa, daraja la kuziba pengo na meno ya bandia yako kwenye ukurasa wa mambo yasiyolipiwa. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na hawa hata hilo la pembe hawakupi. Daktari alitueleza kwamba gego likitoka, majirani zake huanza kuegemea pengo, na la juu yake huanza kushuka. Kutafuna kunaharibika upande mzima. Mke wangu ana miaka 34. Kwa nini aishi na pengo kwa sababu mtu fulani ofisini ameona kung'oa ni rahisi?

Tulilipa wenyewe, jino lipo. Tulikopa SACCO. Kadi ya meno ilikaa kwenye pochi.

Halafu kadi yenyewe inatumika wapi? Orodha ya kliniki za meno walizosaini nazo, nyingi ziko Kampala. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 200 kwenda tu. Nauli ya mama na mtoto mmoja kwenda na kurudi inazidi bei ya kuziba jino kwa daktari wa karibu. Wakala alijua ninaishi Malaba, alikuja kunisajili hapa hapa dukani kwa jirani yangu.

Macho nitasema kwa kifupi. Kijana wangu wa kwanza haoni ubaoni, ni yule wa kuona karibu tu. Kwa mtoto anayekua, namba ya lenzi inabadilika haraka, inaweza kubadilika kila mwaka. Fremu wanalipa mara moja kwa miaka miwili, na fremu ya mtoto wa miaka kumi nani hajui inavyoishia uwanjani. Kwa sisi watu wazima tunaoanza kusukuma gazeti mbali baada ya miaka arobaini, miwani ya kusomea si mzigo wa kukatia bima. Kupima macho Tororo kwenye hospitali ya macho ya Benedictine hakuhitaji kadi ya Kampala.

Masikio. Mama yangu mzazi anaishi nasi, amepita miaka 65, na unamwita mara tatu ndiyo ageuke. Shirika la Afya Duniani linasema katika watu waliopita miaka 60, zaidi ya robo wana upungufu wa kusikia unaowazuia katika maisha. Kwa hiyo nikauliza: mama naye anaingia? Hapana, wategemezi ni mke na watoto. Nikauliza: je, mimi nikizeeka nikahitaji vifaa vya kusikia? Hapana, hivyo havilipiwi, ni uchunguzi peke yake. Sasa mnipe sababu ya neno "masikio" kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye ile karatasi ya rangi! Vifaa vya kusikia vinauzwa kwa mamilioni ya shilingi, mara nyingi unahitaji viwili, vinakula betri, vinachakaa. Hiyo ndiyo hasara ambayo mtu peke yake haiwezi, na hiyo hiyo ndiyo wameitoa. Uchunguzi peke yake ni kumwambia mama yangu hasikii. Tunajua hasikii.

Na kuna jambo mawakala hawalisemi. Mtoto akitoka usaha sikioni, ule mkataba wangu wa kawaida, sehemu ya wagonjwa wa nje, unalipa. Macho mekundu, unalipa. Meno yaliyovunjika kwenye ajali, yako chini ya kulazwa. Upasuaji wa mtoto wa jicho, uko huko huko. Niliupitia ukurasa kwa ukurasa nikiwa nimeshalipa nyongeza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya wanachokutishia nacho tayari unakilipia. Fungua mkataba wako wa kawaida kwanza, mdai wakala akuonyeshe kwa kidole ni kitu gani kipya unanunua.

Ndugu yangu aliye Boston ananiambia tusidhani ni Afrika tu. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee wa miaka 65 na zaidi, iliyowekwa kwa sheria ya 1965, ile ya asili hailipi matibabu mengi ya meno, wala miwani ya kawaida, wala vifaa vya kusikia. Nao wanafuatwa na wauza nyongeza zenye vikomo. Tofauti ni kwamba tangu Oktoba 2022 mtu mzima huko mwenye upungufu wa wastani anaweza kununua kifaa cha kusikia dukani bila cheti cha daktari.

Huku kwetu Bunge lilipitisha Muswada wa Bima ya Taifa ya Afya Machi 2021, Rais hakutia saini. Wanyarwanda wana mutuelle de santé yao, bima ya afya ya jamii, miaka mingi. Sisi tumeachwa na kadi za kampuni au foleni ya hospitali ya serikali, ambako tangu 2001 ada ilifutwa lakini kwenye kiti cha meno mara nyingi utakachopata ni kung'olewa. Yaani pande zote mbili, koleo!

Najua kuna atakayekuja kusema yeye nyongeza imemsaidia. Kama mwajiri ndiye anayelipa, sawa kabisa, itumie yote, peleka watoto wote wasafishwe meno kabla mwaka haujaisha. Mimi nasema na anayelipa mwenyewe, mwenye duka, mwenye boda, ajenti wa forodha kama mimi. Weka ile 650,000 SACCO kwa jina la meno na macho. Ikibaki, ni yako, na mama mzazi anaruhusiwa kuitumia.

Kampuni siitaji hapa. Barua yangu wanayo, nadai warudishe ada ya nyongeza kwa sababu mkataba nilipewa baada ya kulipa. Nakala naipeleka kitengo cha malalamiko cha Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, IRA, Kampala. Waliouziwa kwa mtindo huu huu, pigeni picha ukurasa wa mambo yasiyolipiwa, fichini majina na namba za kadi, muuweke hapa chini. Andikeni pia mlilipa kiasi gani na kikomo chenu ni kiasi gani. Mawakala, msinitumie ujumbe wa pembeni. Jibuni hapa hapa, mbele ya watu: kwa nini kung'oa hakuna kusubiri na kuokoa jino kuna miezi sita?