Naomba ushauri: fremu ya kufuata jua inahangaika wingu likipita
Ndugu wanachama, habari za kazi. Niko Masaka, Uganda, kusini kidogo ya ikweta. Nimejitengenezea paneli ya sola ya seli 36, nimeziunga moja moja kwa risasi, na juani inanipa karibu volti 18. Sasa naijengea fremu ya kuigeuza, asubuhi itazame mashariki, jioni magharibi. Kwa kuwa huku jua hupita karibu na utosi, nimeweka mhimili mmoja tu, bomba lililolala kaskazini-kusini juu ya beringi mbili za pikipiki. Inayosukuma ni mota ya dishi la setilaiti. Yenyewe ni ya volti 36, mimi naipa 12. Inakwenda polepole lakini inasukuma.

Vihisi viwili vya mwanga nimevitenganisha kwa kibao, kivuli kikiangukia kimoja mota inazunguka. Jua likiwa kali, safi kabisa. Tatizo ni mawingu: mota inakwenda mbele, inarudi, inakwenda tena, mpaka nyumba ya gia inapata moto mkononi na betri inaliwa bure. Nimevifunika vihisi kwa nailoni nyeupe, nikaongeza kapasita. Imepungua, haijaisha.

Je, niviache vihisi kabisa, niigeuze kwa saa, nyuzi 15 kila saa? Na kama kuna aliyebaki na vihisi, amewekaje ile nafasi ya mota kutulia, yaani tofauti ndogo ya mwanga kati ya vihisi isiiamshe, bila kupoteza jua? Nitashukuru sana kwa mchoro wa saketi.