Wauza kozi za RBT Kampala, waambieni watu ukweli kabla hamjapokea pesa zao

Bassebo ne bannyabo, uzi huu naufungua kwa hasira na sitaificha. Kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu wa elimu maalumu, wauguzi na vijana waliomaliza Senior Six linazunguka tangazo la aina moja: "Saa 40 tu, wikendi mbili, fanya mtihani, uwe RBT, fanya kazi na watoto wenye usonji." Chini yake kuna namba ya simu ya kutuma pesa. Watu wanalipa malaki ya shilingi, wengine kwa kukopa kwenye chama, halafu wanapewa PDF ya maswali na cheti chenye nembo ya kung'aa ambacho hakiwafikishi popote.

Nianze na jambo ambalo hakuna tangazo hata moja linalolisema. RBT, yaani teknisheni wa tabia aliyesajiliwa, ni cheti cha BACB, bodi ya Marekani inayothibitisha wachambuzi wa tabia. Tangu tarehe 1 Januari 2023 bodi hiyo haipokei maombi mapya kutoka sehemu kubwa ya dunia. Imebakiza nchi chache, Marekani ikiwa ya kwanza, na Uganda haimo. Kinachoangaliwa ni mahali mwombaji anapoishi, si pasipoti yake. Mganda anayeishi Marekani anaweza kuomba. Anayeishi Ntinda, Mbale au Arua hawezi, hata akijua somo lote kwa moyo. Hii si siri ya ofisini, imeandikwa kwenye tovuti ya bodi yenyewe. Kwa hiyo mtu anayemuuzia kijana wa Mukono "njia ya kuwa RBT" mwaka huu, ama hajasoma kanuni za kitu anachokiuza, ama amezisoma akanyamaza. Sijui lipi baya zaidi.

Pili, cheti cha saa 40 si RBT. Ni hatua moja tu. Kwa wale wanaoruhusiwa kuomba, mpangilio uko hivi: uwe na miaka 18 na elimu ya sekondari, upite uchunguzi wa rekodi za jinai, umalize mafunzo ya saa 40, kisha upimwe umahiri na mtaalamu mwenye sifa anayekuona ukifanya kazi yenyewe. Kipimo hicho kisiwe kimepita siku 90 unapotuma maombi. Maombi yakikubaliwa, ndipo unapanga tarehe ya mtihani. Na hizo saa 40 zenyewe zina masharti: zisifanywe chini ya siku 5 wala zisizidi siku 180. Hesabuni wenyewe: wikendi mbili ni siku nne. Tangazo linavunja kanuni ya kozi inayotangazwa, na bado watu wanatuma pesa.

Cha kuudhi zaidi ni kwamba mafunzo ya saa 40 yapo bure. Autism Partnership Foundation ya Marekani imeyaweka kwenye intaneti, unajiandikisha na kusoma kwa mwendo wako. Anayetoza afanye hivyo kwa sababu anatoa kitu cha ziada: mazoezi ya ana kwa ana, msimamizi, marekebisho ya makosa. Kutoza malaki kwa slaidi zilizonakiliwa ni kula pesa za watu.

Njia zipo kwa anayeishi Uganda. Bodi nyingine mbili zinatoa vyeti vya ngazi hii: QABA wana cheti cha ABAT na IBAO wana cheti cha IBT, na vyote viwili viko wazi kwa watu wa nje ya Marekani. Kila kimoja kina masharti yake ya mafunzo, usimamizi na mtihani. Yasomeni kwenye tovuti zao kabla ya kumlipa mtu yeyote wa katikati, na hakikisheni kozi mnayotaka kulipia inakubaliwa na chombo mnachokiendea. Maarifa ya msingi ni yale yale. Ndiyo maana makosa yaliyojaa kwenye hizo PDF yananiuma, maana yataishia mwilini mwa mtoto.

Tuchukue uimarishaji hasi. Noti zinazozunguka zinasema ni "adhabu". Si kweli hata kidogo. Jiulize maswali mawili, kwa mpangilio huu: je, baada ya tabia kuna kitu kimeongezwa au kimeondolewa? Je, baadaye tabia imezidi au imepungua? Kuondolewa pamoja na kuzidi ndiko uimarishaji hasi. Mfano: mtoto anawekewa daftari, anapiga kelele, mwalimu analitoa daftari, na kesho kelele zinaanza mapema zaidi. Mwalimu anadhani amemtuliza, kumbe ameimarisha kelele. Adhabu, iwe ya kuongeza au ya kuondoa, lazima tabia ipungue. Isipopungua hiyo si adhabu kitaalamu, hata kama mtu mzima amefoka mpaka sauti imekauka.

Upimaji wa vipindi, yaani kugawa muda vipande vipande na kuweka alama tabia inapotokea, ndio umeharibiwa kabisa. Noti zinasema "tumia yoyote, matokeo yanafanana". Haya, pigeni hesabu. Unamwangalia mtoto kwa dakika 10, umezigawa katika vipindi 20 vya sekunde 30. Katika kila kipindi anaguna kwa sekunde 5. Ukirekodi sehemu ya kipindi, yaani unaweka alama tabia ikitokea hata mara moja, unapata 20 kwa 20, asilimia 100. Ukirekodi kipindi kizima, yaani unaweka alama tabia ikidumu mwanzo hadi mwisho, unapata sifuri. Ukweli ni kwamba ameguna sekunde 100 kati ya 600, karibu asilimia 17. Mtoto mmoja, dakika zile zile, na karatasi mbili zinazosema mambo ya mbinguni na ardhini. Njia ya kwanza hukuza, ya pili hupunguza. Ndiyo maana sehemu ya kipindi hutumika zaidi kwa tabia unayotaka ipungue, na kipindi kizima kwa tabia unayotaka idumu, kama kukaa kwenye kazi. Mtihani hupenda sana kuuliza hapa, na mzazi akionyeshwa grafu yenye asilimia 100 ataondoka analia bure.

Muda nao unachanganywa. Mwalimu anasema "vaa viatu" saa 4:02 kamili. Mtoto anaanza kuvaa sekunde 40 baadaye na anamaliza dakika tatu tangu alipoanza. Sekunde 40 ni muda wa kuchelewa kuanza, dakika tatu ni muda wa tabia yenyewe. Muda kati ya tukio na tukio ni kitu cha tatu: toka mwisho wa tukio moja hadi mwanzo wa lingine la aina ile ile. Katika mfano huu haupo, kwa sababu tukio ni moja. PDF moja imeuita wa kwanza kwa jina la wa tatu, na watu wanaukariri hivyo.

Halafu hili la "kumpuuza mtoto ndiko kuzimisha tabia". Hapana. Kuzimisha ni kukizuia kile kilichokuwa kinailipa tabia, na malipo hutofautiana: kuangaliwa na watu, kukwepa jambo, kupata kitu, au raha ya mwili yenyewe. Mtoto anayepiga kelele ili akwepe kazi, ukimpuuza ukamwacha aondoke mezani, umemlipa. Na hata pale ambapo kuzimisha kumepangwa vizuri, tabia mara nyingi hupanda kwanza kabla ya kushuka: kelele kubwa zaidi, mateke, wakati mwingine kujiumiza. Mtu asiyeandaliwa hukata tamaa katikati na kulegeza, na hapo amemfundisha mtoto kwamba ukizidisha, utapewa. Kwa hiyo teknisheni haanzishi kuzimisha kwa uamuzi wake. Lazima kuwe na mpango ulioandikwa na msimamizi, wenye hatua za usalama na tabia mbadala ya kufundishwa, na watu wote wa nyumbani waufuate, shangazi na dada wa kazi wakiwemo.

Kwenye upimaji wa mapendeleo, yaani kutafuta vitu ambavyo mtoto anavipenda zaidi, noti zinasema panga vitu mezani uone mtoto anachukua nini, basi. Ukipima kwa jozi, kila kitu kikutanishwe na kila kingine. Vitu 6, tuseme biskuti, puto, gari la waya, kipande cha embe, kengele na kitabu cha picha, ni jozi 15. Unabadilisha upande wa kushoto na kulia, kwa sababu wapo watoto wanaochukua cha kulia siku zote. Ukipanga vyote kwa pamoja, amua mapema: kilichochaguliwa kinarudishwa mezani au kinatolewa? Kikitolewa, unapata mpangilio kamili wa cha kwanza hadi cha mwisho. Kikirudishwa, utaona biskuti mara sita na hutajua cha pili ni kipi.

Mnyororo wa nyuma nao, yaani kufundisha kazi yenye hatua nyingi kwa kuanza kumwachia mtoto hatua ya mwisho: haimaanishi mtoto aanze kunawa kwa kujifuta. Hatua hufuatana kama kawaida: kukanyaga kijiti cha kibuyu chirizi, kulowesha mikono, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza, kujifuta. Mtu mzima anamsaidia katika zote isipokuwa ya mwisho, na mtoto anajifuta mwenyewe na kupata kiimarishi, yaani kitu anachokipenda, hapo hapo. Akiiweza, anaachiwa mbili za mwisho, na kuendelea kurudi nyuma.

Kuhusu mtihani wa RBT wenyewe, kwa ndugu zetu walio katika nchi zinazoruhusiwa. Maswali ni 85, dakika ni 90, na yanayohesabiwa ni 75. Mengine 10 yanajaribiwa tu, na hutayatambua, kwa hiyo jibu yote. Alama ya kufaulu ni 200 kwenye kipimo cha 0 hadi 250, na hicho ni kipimo kilichosawazishwa, si asilimia ya maswali uliyopata. Anayewaambia "ukipata asilimia 80 ya maswali umefaulu" amegawa 200 kwa 250 akaona amemaliza kazi. Ukianguka unasubiri siku 7. Tangu 1 Januari 2026 unatumika muhtasari wa mada za mtihani wa toleo la tatu, na sehemu kubwa kuliko zote ni kufundisha stadi mpya, maswali 19. Maadili ni 11. PDF nyingi zinazouzwa bado zinafuata orodha ya toleo la pili. Na zile zinazojitapa kuwa ni "maswali halisi yaliyotoka" ni hatari kwako wewe mnunuzi, maana kuyatoa maswali ya mtihani nje ni kosa kwa bodi.

Maadili ndiyo sehemu wanayoiruka, na ndiyo inayovunjwa kila siku hapa kwetu. Usimamizi si hiari: kwa RBT ni angalau asilimia 5 ya saa za huduma kila mwezi. Ukifanya saa 80, saa 4 uwe na msimamizi, katika vikao visivyopungua viwili, na angalau mara moja akuone ukiwa na mtoto. Tangazo linalosema "fungua kituo chako mwenyewe baada ya kozi" linamtuma mtu akafanye kazi isiyo yake. Teknisheni hatambui ugonjwa, haandiki mpango, na mama wa mtoto akimwita musawo, yaani daktari, amweleze kwa heshima kazi yake ni ipi. Zawadi zina kikomo cha dola 10, na familia ikimfungia kuku wa kienyeji, ashukuru kwanza kisha azungumze na msimamizi, asijiamulie kimya kimya.

Na zile video! Wauza kozi wanaweka kwenye makundi video za watoto wakilia sakafuni, uso wazi, sare ya shule inaonekana, ili kuonyesha "mafanikio". Mzazi alileta mtoto atibiwe, hakuleta tangazo la biashara. Zifuteni leo.

Sasa naomba wauzaji waje hapa hapa wajibu: Msimamizi wa kozi yenu ana cheti gani, na kinaweza kuhakikiwa wapi? Kozi inafuata toleo lipi? Inakubaliwa na chombo gani kinachopokea maombi kutoka Uganda? Nani atafanya kipimo cha umahiri, na mtoto yupi atakuwepo, kwa idhini ya nani?

Na nyie mliokwisha lipa kwa ahadi ya RBT: msifute chochote. Hifadhini ujumbe wa malipo kwenye simu wenye namba ya muamala, pigeni picha tangazo pamoja na mazungumzo kabla hayajafutwa, kisha andikeni dai la kurudishiwa pesa kwa maandishi, mkitaja sentensi iliyoahidi RBT na tarehe 1 Januari 2023. Simu haitoshi, muuzaji atakuzungusha. Wekeni hapa maneno ya tangazo lenyewe, bila majina wala namba za watu, tuyapime moja moja.