Ulinganisho: upasuaji wa kope za chini kwa ndani, kwa nje, au sindano za kujaza?

Mhasibu wa Kurasini

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Nina umri wa miaka 48 na kwa muda mrefu nimekuwa na mifuko chini ya macho, ambayo naiona pia kwa mama yangu na kwa mama zangu wadogo, kiasi kwamba siku hizi kila ninayekutana naye asubuhi kwenye lifti ya ofisini ananipa pole kwa ugonjwa nisiokuwa nao. Nimeomba ushauri sehemu tatu hapa Dar es Salaam na nimerudi na majibu matatu. Daktari wa kwanza anapendekeza upasuaji kwa njia ya ndani ya kope, usioacha alama kwenye ngozi. Wa pili anasema ngozi yangu imelegea, kwa hiyo akate kwa nje, chini kidogo ya nywele za kope. Kliniki moja ya urembo inaniambia niachane na kisu, nichomwe sindano za kujaza bonde lililo chini ya mfuko na niondoke siku hiyohiyo. Naomba wenye ujuzi au waliopitia wanilinganishie, hasa kuhusu kupona, kwa sababu kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta, ninaswali, na sina nia ya kumtangazia kila mtu. Niongeze kwamba niliwahi kuota keloidi, yaani kovu nene linalozidi kidonda chenyewe, sikioni baada ya kutoga.

Muuguzi Mstaafu

Dada yangu, madaktari hao wawili huenda hawapingani kama unavyodhani. Kila mmoja ametazama kitu kingine katika uso uleule. Mfuko wa chini ya jicho kwa kawaida ni mafuta yanayolilinda jicho ndani ya tundu lake. Kwenye kope ya chini mafuta hayo yamegawanyika katika vifuko vitatu, nayo yanazuiwa na utando mwembamba ambao kwa umri au kwa urithi hulegea na kuyaacha yasogee mbele. Chini yake kuna bonde linaloshuka kutoka pembe ya jicho iliyo karibu na pua, na kivuli cha mfuko kinachoangukia humo ndicho wengi hukiita weusi wa macho. Kuna pia ngozi iliyozidi, na kuna rangi ya ngozi yenyewe, ambayo kwa watu wa asili yetu ni jambo la kawaida na haiondolewi kwa kisu hata kidogo.

Simama mbele ya kioo, mwanga ukupige kutoka mbele na si kutoka kwenye taa ya dari. Kivuli kikitoweka, tatizo ni umbo. Weusi ukibaki vilevile, tatizo ni rangi. Kisha tazama juu bila kuinua kichwa: mfuko ukijitokeza zaidi, hayo ni mafuta. Uvimbe unaokuja asubuhi na kupungua kufikia jioni una majimaji zaidi kuliko mafuta, na hapo daktari anapaswa kukuuliza habari za mzio, figo na tezi ya shingoni kabla ya kutaja bei.

Njia ya ndani, ambayo daktari Mfaransa Bourguet aliielezea mwaka 1924, hupitia utando mwekundu wa upande wa ndani wa kope. Daktari hupunguza mafuta au, kama wengi wanavyopendelea siku hizi, huyasogeza yafunike ukingo wa mfupa na kulijaza lile bonde, kwa kuwa kuyaondoa mengi mno humwacha mtu na macho yaliyotumbukia, ambayo humzeesha kuliko mifuko aliyokuja kuilalamikia. Njia hii haigusi ngozi wala haikati msuli unaofumba jicho, kwa hiyo uwezekano wa kope kuvutwa chini ni mdogo. Upungufu wake ni kwamba ngozi haipungui. Mikunjo iliyokuwepo itabaki, na mfuko ukishaondoka inaweza hata kuonekana zaidi.

Njia ya nje hutoa ngozi iliyozidi na kukaza msuli, nayo humfaa mwenye ngozi iliyozidi kweli. Hata hivyo, ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya kope kushuka, weupe wa jicho kuonekana chini ya mboni na, katika hali mbaya, kope kubinukia nje, jicho likawa kavu huku likitoa machozi mfululizo. Ndiyo maana kipimo muhimu kuliko vyote ni cha vidole: daktari huivuta kope ya chini kuelekea shavuni, huiachia, kisha hutazama kama inarudi yenyewe kabla hujapepesa. Ikirudi polepole, anapaswa pia kuikaza kwenye pembe ya nje ya jicho wakati wa upasuaji. Kama daktari wako wa pili hakuivuta kope yako, basi bado hajakupima, hata kama alitumia saa nzima kukuonesha picha.

Kuhusu keloidi, ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini na keloidi mahali hapo ni nadra sana, hata kwa wanaoziota kwingine. Mweleze tu daktari, kwani ni sababu mojawapo ya kuipa njia ya ndani uzito.

Mkazi wa Mikocheni

Nitazitetea sindano kidogo. Nina miaka 34 na sikuwa na mfuko wowote; nilikuwa na bonde tupu lililonifanya nionekane sijalala. Nilijazwa asidi ya hayaluroniki, ile jeli inayotumika katika sindano za kujaza, nikarudi nyumbani nikiwa na alama ndogo ya mchubuko, na matokeo yakanipendeza. Jambo lililonituliza ni kwamba asidi hiyo inaweza kuyeyushwa kwa kimeng'enya iwapo mtu hakuridhika, ilhali mafuta yaliyokatwa hayarudishwi. Ni kweli kwamba hudumu kwa miezi kadhaa, pengine mwaka au zaidi, kisha mtu hulipa tena, na atakayefuata njia hii aiweke hesabu hiyo mbele yake.

Muuguzi Mstaafu

Wewe ulikuwa na bonde tupu, kwa hiyo ulipata tiba ya shida yako. Mwenye mfuko uliojitokeza akijazwa chini yake, mara nyingi uso huishia kuwa mzito, na kwa kuwa asidi hiyo huvuta maji, wengine huvimba zaidi ya walivyokuwa. Ikiwekwa karibu mno na ngozi, huweza pia kuonesha ubuluu kwa nje. Hatari ambayo kliniki nyingi huipita haraka ni sindano kuingia kwenye mshipa wa damu. Ni nadra, lakini ikitokea inaweza kupofusha jicho. Mwulize anayechoma kama kimeng'enya cha kuyeyushia kipo hapohapo chumbani, na kama yeye ndiye mwenye leseni ya udaktari au ni jina la mtu mwingine lililoandikwa ukutani.

Mzee wa Upanga

Mimi nilifanyiwa kwa nje, kwa ganzi pamoja na dawa ya kutuliza, nikarudi nyumbani siku ileile. Maumivu hayakuwa makubwa. Nilihisi zaidi ukakasi na mkazo, na macho yalikuwa na ukungu kwa sababu ya malhamu ya kulainisha niliyopakwa. Kilichonishangaza, ingawa nilikuwa nimeambiwa, ni kwamba siku ya kwanza si mbaya kuliko zinazofuata. Uvimbe hupanda hadi siku ya pili au ya tatu, kisha damu iliyovilia huteremka mashavuni ikibadilika rangi, na mtu akikutazama anadhani umepigana.

Nieleze mambo ya Dar es Salaam ambayo karatasi ya maelekezo haikuyataja. Kulala kichwa kikiwa juu ya mito miwili au mitatu ni agizo la kila daktari, lakini kwa joto letu sote hulala na feni, na feni inayopuliza usoni hukausha jicho ambalo bado halifumbi vizuri. Igeuze itazame ukuta. Moshi wa jiko la mkaa nao uuepuke. Kuhusu swala, niliambiwa nisiinamishe kichwa katika siku za mwanzo kwa sababu huongeza msukumo wa damu usoni, basi nikawa naswali nikiwa nimekaa kitini na kuashiria rukuu na sijida kwa kichwa kidogo, ruhusa ambayo mgonjwa anayo. Vitambaa vya baridi nilivitumia katika saa 48 za kwanza, vikiwa vimefunikwa kwa kitambaa safi, kamwe si barafu juu ya ngozi tupu. Nyuzi zilitolewa ndani ya wiki ya kwanza. Pembe moja ya jicho ilibaki na mkazo kwa muda, nikafundishwa namna ya kuikanda, na polepole ikalegea.

Kuhusu siri, Bi Mhasibu, majirani watakuja kukupa pole na kukuletea machungwa. Unayetaka faragha, hamia kwa ndugu mwenye geti.

Binti Kariakoo

Mbona hakuna aliyezitaja krimu? Shangazi yangu anauziwa krimu ya kuondoa mifuko na weusi kwa pamoja.

Muuguzi Mstaafu

Hakuna krimu inayorudisha mafuta nyuma ya utando. Kwa weusi unaotokana na rangi, daktari wa ngozi anaweza kusaidia kwa kiasi, sambamba na kujikinga na jua. Zile zinazong'arisha haraka zichunguzwe kwa makini, kwani nyingi hukutwa na zebaki au haidrokwinoni, na vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku nchini. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Leza na kemikali za kuchubua chini ya macho nazo zinahitaji tahadhari kwetu, kwa sababu ngozi nyeusi ikichomwa huweza kujibu kwa kuongeza weusi.

Msafiri wa Tegeta

Kuna ulinganisho mwingine ambao haujaguswa: kufanyiwa hapa au India. Nilimsindikiza dada yangu huko na huduma ilikuwa nzuri, lakini tatizo lilianza tuliporudi, jicho moja lilipokauka na utando ulio juu ya weupe wake ukavimba kwa majimaji. Ni hali inayojulikana, na kwake iliisha kwa matone, lakini daktari aliyemfanyia, akiwa India, alikuwa akiitazama kwenye simu tu, na madaktari wa hapa walisita kuendeleza kazi ya mwingine. Anayesafiri apange kukaa huko mpaka nyuzi zitoke na achunguzwe mara ya mwisho, jambo ambalo huongeza malazi ya watu wawili juu ya tiketi. Kwa anayebaki hapa, Dar es Salaam ina madaktari bingwa wa macho na wa upasuaji rekebishi, na usajili wa kila mmoja unaweza kuulizwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Bima usiitegemee, kwa sababu upasuaji wa urembo kwa kawaida haulipiwi.

Mhasibu wa Kurasini

Nawashukuru nyote. Nimejaribu kioo na taa, na kwangu mafuta ni dhahiri na ngozi iliyozidi ni kidogo, kwa hiyo naelekea njia ya ndani, na sindano nimeziondoa kwenye hesabu. Bado nina maswali mawili: ninatumia dawa ya shinikizo la damu na aspirini ndogo kila siku, je, ni kikwazo? Na hatari ya kupoteza uwezo wa kuona ni ya kweli au ni vitisho vya mitandaoni?

Muuguzi Mstaafu

Aspirini huongeza kutoka damu, vivyo hivyo dawa za maumivu kama ibuprofeni, na hata vidonge vya mafuta ya samaki na vitamini E. Kwa kawaida husimamishwa wiki moja au mbili kabla, lakini usiisimamishe mwenyewe. Aliyekuandikia kwa ajili ya moyo ndiye akubaliane na daktari wa upasuaji. Shinikizo la damu lazima liwe limedhibitiwa, la sivyo siku hiyo utarudishwa nyumbani, na ni haki yao kukurudisha.

Hatari ya upofu ipo, ingawa ni ndogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kutokana na taarifa za madaktari wanaofanya upasuaji wa kope ulikadiria kwamba damu huvuja nyuma ya jicho kwa takriban mtu 1 kati ya 2,000, na kwamba upotevu wa kudumu wa kuona hutokea kwa takriban 1 kati ya 22,000. Mara nyingi uvujaji hujitokeza ndani ya saa 24 za kwanza. Maumivu makali ya jicho moja yanayozidi, jicho kusukumwa mbele na kuwa gumu, au kuona kufifia, ni dalili za kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo na si za kusubiri kupambazuke, kwa sababu msukumo wa damu iliyovuja nyuma ya jicho ukiachwa unaua mshipa wa fahamu wa jicho. Usiku wa kwanza awepo nyumbani mtu mzima anayejua namba ya daktari na mwenye gari karibu.

Baada ya hapo ni subira. Wengi hurudi kazini kati ya siku ya 7 na ya 14, michubuko ikiwa imepungua. Kompyuta hukausha macho kwa kuwa mtu hupepesa mara chache, basi weka matone ya kulainisha mezani. Wanja na vipodozi vya macho visubiri ruhusa, mazoezi mazito wiki tatu hivi, na kuogelea baharini vilevile. Usiyahukumu matokeo mwezi wa kwanza, maana uvimbe wa mwisho huchukua miezi kadhaa kwisha.

Mhasibu wa Kurasini

Basi nitaomba likizo ya Julai, wakati wa kipupwe, ili nisilale na feni wala jasho lisiniingie machoni.

Mzee wa Upanga

Julai ni sahihi kwa joto, lakini ndio wakati wa upepo wa kusi, na vumbi la barabarani halina huruma. Nunua miwani mipana ya jua kabla ya siku yenyewe, na bodaboda uisahau kwa mwezi mzima.