Tumechoka na urafiki wa wasichana unaoanzishwa vizuri kisha unatupwa kapuni

Wanajukwaa, nina hasira na leo naitoa yote. Nitataja yanayotokea ndani ya vitabu, kwa hiyo asiyetaka kuharibiwa uhondo aishie hapa.

Juzi usiku nilimaliza kitabu cha pili cha mfululizo mmoja wa fantasia wa vijana. Jina lake naliacha, maana kosa hili si la mwandishi mmoja. Kitabu cha kwanza kilininasa kwa wasichana wawili wasiopikika chungu kimoja. Mmoja ni binti wa mhunzi ambaye kijiji chake kilichomwa moto na wachawi, mwingine ni mchawi mwenyewe, mateka. Wamefungwa mnyororo mmoja, mkono kwa mkono, wanavushwa jangwa la chumvi. Mchawi nyayo zimembabuka, hawezi hata hatua. Binti wa mhunzi anachana upindo wa gauni lake, anamfunga miguu, na kila akikaza fundo anamtukana. Hakuna asante. Usiku wa pili mchawi anamsukumia kibuyu chenye funda la mwisho la maji, anageukia upande mwingine na kujifanya amelala. Nilifunga kitabu nikakaa kimya. Urafiki ulikuwa umeshazaliwa pale, na hakuna aliyeutamka.

Kitabu cha pili, sura ya tatu, akaingia mwana wa mfalme. Kwisha habari.

Kuanzia hapo mchawi ana kazi ya kupeleka barua na kuuliza, "Kwani unampenda?" Yeye aliyekuwa na ulimi wa wembe, mwenye kisasi chake na dada aliyempoteza vitani, hana tena shida iliyo yake mwenyewe. Mwishoni anachomwa mshale. Mwenzake analia aya mbili, anafutwa machozi na mwana wa mfalme, na aya ya tatu ni busu. Busu, maiti ya rafiki haijapoa!

Msiniambie nimeangukia kitabu kibovu. Throne of Glass ya Sarah J. Maas ilitoka 2012, na ndani yake kulikuwa na urafiki ambao ungetosha kubeba mfululizo mzima: Celaena, muuaji anayemtumikia mfalme mvamizi, na Nehemia, binti mfalme wa nchi iliyovamiwa na mfalme huyohuyo. Watu wawili ambao kwa hesabu zote walipaswa kuwindana. Mwaka uliofuata, kwenye Crown of Midnight, Nehemia anauawa. Kibaya zaidi, baadaye tunaambiwa alikipanga kifo chake mwenyewe ili mwenzake apate uchungu wa kusimama na kupigana. Yaani mtu mzima mwenye nchi na watu wanaomtegemea anageuzwa kuni za kuchochea moto wa mhusika mkuu. Najua wapo wanaoliona jambo hili la kishujaa. Mimi naona kafara, na naona pia ni nani aliyechaguliwa kuchinjwa.

Halafu kuna Madge. Jamani, Madge! The Hunger Games ya Suzanne Collins, 2008, si fantasia ya uchawi lakini wasomaji wake ni haohao. Katniss ni mtoto wa mgodini, analala njaa. Madge ni binti wa meya. Wanakaa pamoja wakati wa chakula shuleni kwa sababu wote hawapendi maneno mengi. Siku Katniss anapelekwa kufa, ni Madge anayeingia kumuaga na kumbandika kifuani ile pini ya ndege, ambayo baadaye inakuwa alama ya uasi mzima. Kwenye filamu ya 2012 Madge hayupo kabisa. Pini Katniss anaipata sokoni. Alama ya vita vyote imetoka mkononi mwa rafiki, na waliotengeneza filamu wakaona rafiki ndiye wa kukatwa. Gale, mvulana anayempenda Katniss, hakukatwa, na hamwezi kunishangaza mkinieleza kwa nini. Na hata kwenye vitabu vyenyewe vya mfululizo huo, Madge anakufa kwenye mabomu, na habari zake zinapita haraka kama za jirani wa mbali.

Kinachoniuma hasa ni kwamba waandishi hawa wanaijua kazi. Angalia wanavyoandika mapenzi ya maadui: sura kwa sura za kuviziana, neno moja lililosemwa vibaya linalipiwa kurasa mia, kuomba radhi kunachukua usiku mzima wa mvua. Kila kovu linaulizwa limetoka wapi. Lakini wasichana wawili waliochukiana tangu utotoni wanapigana bega kwa bega mara moja, asubuhi wanaitana dada. Lini walisameheana? Nani aliomba radhi, na kwa maneno gani? Yule ambaye watu wake waliua baba wa mwenzake, walilizungumza lini? Urafiki usiotarajiwa uzito wake wote uko hapohapo kwenye deni kati yao. Ukiliruka deni, umebaki na wasichana wawili wanaosukana nywele kabla ya vita.

Na wengine wanafanya ubaya wa upande wa pili: rafiki anamsaliti mwenzake, na sababu ni wivu juu ya mvulana. Ufalme unaanguka, miungu inaamka, yeye ameuza ramani kwa adui kwa sababu hakuchaguliwa kwenye dansi. Msichana anaweza kumsaliti rafiki kwa imani, kwa njaa, kwa mdogo wake aliyeshikwa mateka. Sababu zimejaa tele kwenye ulimwengu ambao mwandishi ameuumba kwa mikono yake!

Mwaka 1985 mchoraji katuni Alison Bechdel alichora kipimo alichokisikia kwa rafiki yake: filamu iwe na wanawake wawili, wazungumze wao kwa wao, na wazungumzie jambo jingine lisilo mwanamume. Ni kipimo cha chini mno, chini ya sakafu, na bado yule mchawi wangu wa jangwa la chumvi kitabu cha pili kizima hakukivuka.

Atakuja mtu aseme vijana wanataka mapenzi, ndiyo yanayouzika. Sasa Wicked je? Ile tamthilia ya muziki iliyopanda jukwaani Broadway 2003 imesimama juu ya wasichana wawili waliopangiwa chumba kimoja chuoni na kuchukiana tangu siku ya kwanza. Na mvulana yumo, wote wawili wanampenda! Lakini kwenye kilele, wimbo wa kuagana ni wao wawili, wanaambiana kila mmoja alivyombadilisha mwenzake. Imekaa jukwaani zaidi ya miaka 20, na 2024 ikawa filamu. Hao wanaojaza viti wanafuata nini, ngazi za jukwaa?

Sijasema mapenzi yafutwe. Wawekeni wana wa wafalme mnavyotaka. Ila mkishanionyesha mtu aliyetoa funda lake la mwisho la maji kwa adui yake, msinifanye nimsahau kwa sababu kuna mwenye macho ya kijani ameingia ukumbini.

Mwenye kujua mfululizo ambao wasichana wawili wa aina hii wanafika kitabu cha mwisho wote wakiwa hai, wanagombana juu ya jambo la maana na kupatana mbele ya macho ya msomaji, autaje hapa chini. Sitaki ule ambao rafiki anafufuliwa kwenye kurasa tano za mwisho ili aje kusimamia harusi. Huo nimeshausoma.