"OILI NI OILI, BOSI": fundi kamimina haidroliki NYEKUNDU kwenye supachaja ya Rotrex!!

Kichwa_Gasketi
Wakuu, sitaji jina, humu wote mnamjua. Yule mwenye bango lililoandika "turbo" kwa tahajia tatu tofauti, na zote kakosea. Yule ambaye hata ukimpelekea baiskeli atakwambia gasketi imeungua.

Kazi ilikuwa ndogo: Toyota 86 yenye supachaja (pampu ya kusukumia hewa kwenye injini) ya Rotrex C30-94 ya kufungiwa, abadili oili ya supachaja na filta. Basi. Chupa ya SX150, oili ya Rotrex yenyewe, ilikuwa mezani, mbele ya pua yake, imeandikwa kwa herufi za kusomeka ukiwa ng'ambo ya barabara. Jamaa akaisogeza kwa kiwiko, akainua dumu la Dexron III, haidroliki ya giaboksi otomatiki, akamimina. NYEKUNDU! Kwenye Rotrex! Kuulizwa, hata shingo hakugeuza: "Oili ni oili, bosi."

Oili ni oili??? Mle ndani hamna gia zenye meno! Ni rola laini zinazobanwa na ringi ya chuma, na kinachofanya zishikane ni ile oili yenyewe. Ikibanwa inakuwa ngumu kwa nukta ya sekunde, ndiyo inapitisha nguvu. Ukiweka ya kutelezesha, rola zinateleza, zinapata moto, uso unachubuka, na unga wa chuma unazunguka mfumo mzima. Kitu kinachofika karibu mizunguko 100,000 kwa dakika! Oili ni oili, bosi!

Viungio vya mipira kavizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, utadhani anafunga tanki la maji. Filta ina mshale, kaigeuza. Ila hayo nayasamehe. Ile nyekundu siisamehi. Halafu akapiga stata NA AKAKANYAGA MAFUTA.

Spana_Kumi
Bila picha hii ni chai.

Mama_Piston
Mkuu, hasira baadaye. Hiyo gari isiwashwe tena, hata kwa kuihamisha tu. Ivutwe.

Vua mkanda kwanza. Fungua mpira wa chini ya kopo la oili, mwaga yote, kisha fungua na mipira ya kile kipoza oili (cooler), maana haidroliki nyingi imejificha mle. Mwaga kwenye beseni jeupe safi, upitishe sumaku. Ukiona vumbi linalong'aa kama rangi ya kucha, usihangaike kusafisha, rola zimeshachubuka. Kama ni safi, zungusha puli kwa mkono uelekeo wake wa kawaida. Ikikwaruza au ikishikashika, ishushe.

Ikiwa nyororo: filta mpya, mshale ufuate mtiririko. Tepu yote itoke, kila uzi, kipande kimoja tu kikiziba tundu la kuingizia oili beringi zinakufa kavu. Chupa ya kwanza ya SX ni ya kusuuzia, hiyo unaitupa. Ya pili ndiyo ya kubaki. Jaza mpira wa kuingilia kabla ya kuufunga, jaza kopo hadi alama, rudisha mkanda, washa iungurume taratibu tu, usiguse mafuta, huku umekodolea kopo. Usipoona oili inarudi ndani ya nusu dakika, zima. Ikirudi, acha mapovu yaishe, zima, ongeza hadi alama. Usipitilize.

Kichwa_Gasketi
Asante dada. Lakini "oili ni oili, bosi"! Huku anafuta mikono kwenye siti cover!

Spana_Kumi
Kwani wewe ulikuwa umesimama hapo unafanya nini, unamshikia tochi? 😂😂

Mzee_Kabureta
Vijana mnamwonea. Zile McCulloch na Paxton za zamani za Marekani, kama iliyokuja kwenye Studebaker Golden Hawk ya 1957, ziliendeshwa kwa gololi zisizo na meno, na wenye nazo walizoea kuziwekea haidroliki ya Type F ya Ford. Fundi amechelewa miaka sitini na kitu, hajakosea.

Mama_Piston
Shikamoo mzee. Type F ndiyo, lakini Dexron ina dawa za kulainisha mshiko ili gia ziingie bila kushtua. Hata kwenye Paxton si mahali pake.

Mzee_Kabureta
Marahaba. Hapo umenishika.

Benzi_Kweli
Afadhali wewe ulimwagiwa kitu. Kwenye Benzi za Kompressor, zenye supachaja ya Eaton, wanakwambia "imefungwa maisha" wakati plagi ya kujazia inaonekana kwa macho! Injini baridi, gari kwenye usawa, fungua plagi, nyonya ya zamani kwa sindano na mpira mwembamba. Inanuka vibaya mno, vaa glavu. Weka oili ya supachaja, kile kichupa cha GM cha wakia 4, kama ml 118. Jaza hadi nyuzi za chini za tundu, SIYO hadi imwagike. Ikizidi inafanya povu, inasukuma sili ya mbele, oili inaingia kwenye rota, na unaanza kufukiza moshi wa bluu. Wangu alijaza hadi ikafurika, akasema "nimekuongezea".

Spana_Kumi
"Nimekuongezea" 😂😂😂 huyu ni ndugu yake yule.

NT31_Mteseka
Nyie mnalilia supachaja, sisi wa X-Trail tunamiminiwa haidroliki ya kawaida kwenye CVT (giaboksi ya mkanda na puli) kila siku na hakuna anayefungua uzi. X-Trail ya NT31 inataka oili ya Nissan NS-2, ya T32 inataka NS-3. Ukiweka nyingine mkanda wa chuma unateleza kwenye puli, unakwaruza, gari inalia kama inapanda Sekenke hata ikiwa tambarare.

Benzi_Kweli
Ukimwaga NT31 haitoki yote, nyingine inabaki kwenye tokikonveta. Mwaga, jaza, tembea kidogo, rudia. Fungua na sampo (bakuli la oili la chini) ufute zile sumaku.

Kichwa_Gasketi
Jamani turudi kwenye mada. NYEKUNDU!

NT31_Mteseka
Tulia mkuu. Benzi, hiyo sampo gasketi yake inarudishwa ile ile au lazima mpya? Na nani ana NS-2 halisi ya dumu la lita 4, siyo hizi za kujazwa upya uchochoroni?

Spana_Kumi
Ninazo. Njoo PM.