Ndara za khanga kuukuu: wateja wanarudisha, nifanyeje?

DadaUpapi: Habari zenu wakuu. Nashona ndara za kuvalia ndani. Juu na kwenye unyayo naweka khanga za zamani, katikati sponji, chini jinzi ya mtumba tabaka mbili. Nimeshakata jozi 40, ila zilizotoka wateja wanarudisha. Nahisi ni soli. Nipake gundi au niongeze mshono? Nina mawazo sana.

FundiKeko: Gundi achana nayo, itakakamaa. Sponji nene inaifanya cherehani ya nyumbani iruke mishono. Funga sindano namba 16, urefushe mshono. Tandaza jinzi, sponji na khanga, pitisha mistari ya kukatizana, ndipo uzungushie upapi, ule utepe wa kufunika kingo.

MzeeWaPongwe: Sisi tulivaa katambuga za tairi. Marehemu baba alilimia zake na kuendea mnadani, soli ikabaki vilevile. Vijana mnapenda laini.

BintiMtoni: Dada, waliorudisha wamesemaje? Soli imebanduka?

DadaUpapi: Haijabanduka. Mmoja kasema tu hawezi kuzivaa.

BintiMtoni: Hawezi kwa nini? Unyayoni kuna nini?

DadaUpapi: Nimeweka kipande chenye jina la khanga, maandishi yanapendeza. Mguu wa kushoto "MUNGU", wa kulia "NI MWEMA".

MamaSalha: Astaghfirullah! Mtu akanyage jina la Mungu kwa kisigino asubuhi akienda chooni? Hata mimi ningekurudishia.

DadaUpapi: Mama yangu, khanga zikichakaa si tunadekia? Tena nimeshakata, nitupe?

Mpekuzi: Ngojeni kwanza. Doti ina vipande viwili, kila kipande kina jina moja. Jozi 40 ni doti 20 zenye jina lilelile. Nani ana doti 20 kuukuu za aina moja? Uzi wa kutunga huu, mods fungeni.

MzeeWaPongwe: Nami nilishangaa.

DadaUpapi: Sijatunga kaka. Ilikuwa sare ya harusi ya wifi yangu. Ndoa ilivunjika, ndugu wakasema hawazitaki tena, wakaniletea. Nikaona ni mtaji.

BintiMtoni: Na wateja wako ni kina nani?

DadaUpapi: Ndugu haohao. Wa kwanza kurudisha ni wifi.

MamaSalha: Yaa Rabi. Umemvalisha harusi yake miguuni.

DadaUpapi: Nilimpa bei ya familia. Na pale kwao tailizi ni baridi, nilimfikiria.

FundiKeko: Ambazo hujashona, kata unyayo kwenye jinzi. Khanga iwe juu tu, tumia pindo, ile mistari ya pembeni. Vipande vyenye jina weka kando, usivishone popote. Zilizoshonwa fumua upapi, toa khanga ya unyayo, ubadilishe.

DadaUpapi: Asante fundi, kesho nafumua. Ila ya wifi naona nimpelekee jozi nyingine, hiihii khanga lakini pindo tu.

BintiMtoni: Khanga hiyohiyo tena? Dada, mnunulie kitenge kipya.