"Kubali zote" ya tovuti imenigombanisha na baba watoto. Hivi hii ni ridhaa au mtego?

Wakuu, habari za usiku. Naandika nikiwa na hasira, atakayeona herufi zimeruka anisamehe.

Mimi ni muuza samaki hapa Kirumba mwaloni, Mwanza. Sato zaidi, sangara nikimpata kwa bei nzuri. Kwa muda mrefu nilikuwa natafuta friza ya mtumba, maana barafu ya kununua kila siku inakula faida yote, na samaki akilala bila baridi ya uhakika, asubuhi macho yameshazama na mteja anakupita kama hakujui. Basi siku moja mchana, wateja wamepungua, nikatoa simu nikaingia kwenye tovuti moja ya wauza vifaa vya umeme.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana ugomvi wote ulianzia hapa. Ukurasa ukafunguka, picha ya friza naiona, bei naiona nusu, tarakimu mbili za mwanzo tu, likashuka boksi likafunika kila kitu. Kiingereza kitupu, kirefu. Chini yake kitufe cha kijani, kipana toka ukingo mpaka ukingo wa kioo: kubali zote. Pembeni maneno ya kijivu madogo, eti udhibiti mapendeleo yako. Cha kukataa hakuna. Wakati huo mikono yangu ina magamba na utelezi, simu nimeiegemeza kwenye mzani. Nikabonyeza ile kijani kwa kifundo cha kidole kidogo ili nisichafue kioo. Boksi likaondoka, bei nikaiona: laki saba na nusu.

Hiyo ndiyo ridhaa yangu, ndugu zangu. Kifundo cha kidole chenye gamba la sato. Nilikuwa natafuta bei, sikuwa nasaini mkataba.

Laki saba na nusu taslimu sina. Nikaandika kwenye kutafuta: mkopo wa laki saba bila dhamana. Nikafungua kurasa mbili tatu, nikaona riba, nikaguna, nikafunga. Fomu sikujaza, jina sikuandika, namba ya simu sikuweka. Nikarudi kwa samaki wangu.

Nyumbani simu yangu ndiyo yenye kioo kizima, ya baba Kulwa ina ufa katikati. Kwa hiyo jioni yeye huichukua aangalie mpira. Siku hiyo kafungua habari za mpira: juu tangazo la mkopo, katikati ya habari mkopo, chini mkopo. "Umebanwa na madeni? Pesa ndani ya dakika tano." Kahamia kwenye hali ya hewa aangalie upepo wa ziwani kesho, mkopo. Kaingia ukurasa wa mistari ya Biblia ambao huwa nausoma asubuhi, na wenyewe mkopo. Akaniita kutoka sebuleni, sauti imepoa, na mwenye mume anajua sauti ikipoa maana yake nini.

"Mama Kulwa, unadaiwa na nani?"

"Sidaiwi na mtu."

"Mbona simu inasema unadaiwa?"

Msicheke. Jirani yetu alichukua mikopo ya kausha damu bila mumewe kujua. Walikuja mchana wakabeba kochi, runinga, mpaka jiko la gesi likiwa na sufuria juu yake, wakaishusha sufuria chini wakaondoka na jiko. Mtaa mzima tuliangalia. Sasa mwanaume aliyeona vile, akiona simu ya mkewe imejaa mikopo kila ukurasa, unadhani atafikiria friza? Siku tatu tuliongea kupitia watoto. "Doto, mwambie mama yako naondoka." Na mimi nimesimama pale pale.

Aliyeniokoa ni mtoto wa dada yangu mkubwa, anasoma mambo ya kompyuta chuoni. Alikuja Jumamosi kula samaki, akakuta nyumba imenuna. Nikamsimulia. Akaichukua simu, akapekua kidogo, akasema, "Mama mdogo, hizi ni kuki. Na mwenyewe ulizikubali."

Nilitaka kumnyang'anya sahani.

Halafu hilo jina lenyewe. Kwenye mipangilio ya simu ya Kiswahili wameandika vidakuzi. Nilipolisoma mara ya kwanza nikadhani ni wale wadudu wanaoingia kwenye gunia la dagaa. Lakini ukilisikiliza vizuri unasikia udaku ndani yake, na kwa kweli aliyelichagua alijua anachosema.

Kwa alivyonieleza, kuki yenyewe ni kitu kidogo, maandishi mafupi yasiyozidi kilobaiti 4 hivi, ambayo tovuti inayaacha kwenye simu yako ili ukirudi ikutambue. Siyo kirusi. Aliyezibuni ni kijana wa Marekani, Lou Montulli, mwaka 1994, akiwa kampuni ya Netscape, ili duka la mtandaoni liweze kukumbuka umeweka nini kwenye kapu. Kwa hilo wala simlaumu. Hata mimi nina mama mmoja wa Kitangiri, akitokea tu najua anataka sato wa saizi ya sahani, aliyekwisha parwa. Kumkumbuka mteja wako kwenye meza yako ni biashara, siyo dhambi.

Ugomvi wangu ni na huyu mtu wa tatu, kampuni ya matangazo ambayo siyo mimi wala mwenye tovuti. Chukulia unaingia mwaloni na ndoo yako. Meza ya kwanza unauliza bei ya sangara. Chini ya meza amejikunyata kijana, wala siyo wa mwenye meza, anachora namba kwa chaki kwenye kitako cha ndoo yako. Meza ya pili yupo mwenzake wa kampuni ile ile, anachungulia namba, anaandika kwenye daftari. Unapita Mlango Mmoja kwenye mitumba, wamo. Stendi ya Nyegezi wamo. Kanisani benchi la nyuma wamo. Jioni madaftari yanaunganishwa. Jina lako hawalijui na wala hawana shida nalo, inatosha kujua kwamba ndoo namba fulani imeuliza friza, ikauliza mkopo, na ni ya mtu anayeamka alfajiri kusoma Biblia. Kisha wanainadi: nani anataka kumwonyesha tangazo mwenye ndoo hii? Mnada wa samaki hapa kwetu una kelele na kila mtu anasikia bei. Wa kwao unaisha ukurasa unapofunguka, kabla hujapepesa jicho, na wewe ndiye samaki.

Mwenye meza naye siyo malaika. Yule kijana hakujipenyeza, kakaribishwa. Mwenye tovuti anaweka kipande cha programu cha kampuni ya matangazo, au kijipicha cha nukta moja ambacho jicho halikioni, na kikifunguka tu kule kwa wenyewe wamejua umefika. Ukifuta kuki, wapo wanaokutambua kwa umbo la simu yako: ukubwa wa kioo, lugha, aina ya herufi, majira ya saa. Na hayo yote yanapakuliwa kwa bando langu! Nanunua MB kwa pesa ya samaki ili nipelelezwe.

Mtoto akanifungulia tena ile tovuti ya friza kwenye kompyuta yake, tukabonyeza yale maneno ya kijivu. Kuna sehemu imeandikwa washirika wetu. Nikashusha orodha. Nikashusha. Nilihesabu mpaka 112 nikaacha, na ule mstari wa pembeni ulikuwa haujafika hata nusu. Washirika zaidi ya mia moja kwa friza moja ya mtumba. Halafu kuna vitufe vilikuwa vimeshawashwa kabla sijagusa kitu, juu yake wameandika maslahi halali. Halali kwa nani?

Kilichonichefua zaidi ni kwamba hili jambo kwa wenzetu limeshaamuliwa. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema tangu Oktoba 2019 kwamba kisanduku kilichowekwa tiki mapema siyo ridhaa. Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa ya kulinda taarifa ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na euro milioni 60 kwa Facebook, na kosa lilikuwa hili hili ninalolilia: kukubali bonyezo moja, kukataa mabonyezo kadhaa. Euro milioni 150 kwa sababu ya kitufe! Hapa kwetu kitufe hicho hicho unakuta hakipo kabisa, na sijaona aliyeulizwa.

Na msiniambie hatuna sheria. Ibara ya 16 ya Katiba inataja faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo, Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Sheria inataka mtu ajulishwe taarifa zake zinachukuliwa kwa kazi gani. Haya, mimi nilijulishwa lini? Kwa Kiingereza cha kisheria, nikiwa mbele ya mzani? Tovuti ina bei kwa shilingi, ina namba ya simu ya hapa hapa nchini, matangazo yote Kiswahili safi, "pesa ndani ya dakika tano" hakuna aliyeshindwa kuitafsiri. Ni ile sehemu ya haki zangu tu ndiyo Kiswahili kimewashinda.

Kuna na hili la simu. Kivinjari cha iPhone kiitwacho Safari kinaziba kuki za watu wa tatu zote tangu Machi 2020, mwenye simu hajafanya lolote. Firefox nayo inazibana yenyewe. Google walitangaza Januari 2020 kwamba ndani ya miaka miwili watazitoa kwenye Chrome, kivinjari chao kilichomo kwenye simu zetu nyingi. Wakaahirisha, wakaahirisha tena, Julai 2024 wakasema basi, zibaki. Kwa hiyo bosi wa Capri Point mwenye iPhone analindwa bila hata kujua, na sisi wa Tecno na itel, ambao ndio matangazo ya mikopo yanatutafuta hasa, tunaambiwa tuingie kwenye mipangilio tujizibie wenyewe.

Nimejizibia. Kwenye kivinjari, mipangilio, faragha, nimezuia vidakuzi vya washirika wengine na kufuta vilivyokuwepo. Kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya matangazo, nimefuta kile kitambulisho cha matangazo ambacho programu zinakitumia kukufuata hata ukiwa nje ya kivinjari. Dakika kumi hazikufika, lakini bila yule mtoto nisingepaona mpaka kesho. Mikopo imepungua sana. Baba Kulwa kaelezwa, kaonyeshwa ile orodha ya washirika, kasoma majina kama kumi hivi kwa sauti, kisha kaniuliza friza ni shilingi ngapi. Ningeulizwa hilo siku ya kwanza tusingefika huku.

NYONGEZA: Naona kuna wanaosema "ungesoma masharti kabla ya kubonyeza". Mkuu, wewe ukipanda daladala ya Buzuruga unasoma leseni ya usafirishaji kwanza? Na yule aliyesema mtu asiye na cha kuficha haogopi, nilikuwa nimeficha nini? Friza?

NYONGEZA YA PILI: Kwa mliouliza, friza nimeshanunua, zamu yangu ya mchezo ilifika, nimechukua kwa fundi Mabatini kwa laki sita na nusu. Leo asubuhi nafungua habari, tangazo: "Bado unatafuta friza?" Ninayo, nimeikalia hapa ninavyoandika.

Kama kuna aliyewahi kupeleka lalamiko pale Tume kuhusu tovuti, aniandikie hapa hapa hadharani alianzia wapi na alijibiwa nini. PM msinifuate, kuna mmoja ameshanitumia kiungo cha mkopo.